Jicho la Chumba cha Ramani

Asije mtu akaniambia nimetia chumvi. Hili halikumpata jirani wa jirani wala rafiki wa shemeji. Lilimpata kaka yangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nitalisema kama lilivyokuwa, na atakayetaka kuamini aamini.

Kaka yangu alikuwa fundi umeme, na kila mtu alimwita Taratibu. Jina alilipata kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni: ukimharakisha, taratibu, ukimfokea, taratibu. La pili ni mguu. Utotoni alianguka kutoka juu ya ukuta wa shule, mguu wa kushoto ukaunga vibaya ukabaki mfupi, na tangu hapo mwendo wake ukawa hatua mbili za haraka kisha anatua, mbili kisha anatua. Mke wake, wifi yangu, alikuwa akisikia mwendo huo uchochoroni anaanza kupakua chakula bila kuchungulia nje.

Ufundi alinifundisha yeye. Nilipoachika nikarudi nyumbani na begi langu moja, kila mtu alikuwa na nasaha zake za kunipa. Yeye alinipa bisibisi. "Shika hii," alisema, "kulia utalia jioni." Jioni ilipofika nilikuwa nimechoka mno hata kulia. Basi nikawa fundi mwenzake, na mafundi wengine walipocheka kumwona mwanamke juu ya ngazi, aliwaambia washike ngazi vizuri nisije nikawaangukia.

Siku yenyewe ilikuwa siku kama siku nyingine. Tulikuwa tumepata kazi kwenye ofisi ya wapima ardhi, jengo refu lenye korido moja na vyumba huku na huku. Meneja wao alikuwa amechoshwa na taa zinazowaka mchana kutwa vyumbani mkiwa hamna mtu. Alitaka kila chumba kiwekewe kitambuzi, kile kidude kinachobandikwa kwenye dari, kikijua chumba kina mtu kinawasha taa, na mtu akiondoka kinaizima.

Sisi wa kazi hii tunakiita jicho. Ni kitu cheupe cha mviringo, saizi ya kisahani cha chai, katikati kina kioo kilichotuna na ubavuni kina kipande cheusi cha sola. Hakina waya. Mwanga wa chumba chenyewe ndio chakula chake. Taa ikiwaka kinakula, kinajiwekea akiba, na gizani kinaweza kuishi siku kadhaa kwa akiba hiyo. Kikimwona mtu kinatuma habari hewani kwa swichi ya ukutani. Na si kwamba kinaona sura. Kinaona joto linalosogea, basi.

Tulifanya kazi tangu asubuhi, tunataniana, na baada ya chakula cha mchana tukabakiwa na chumba cha mwisho wa korido, chumba cha ramani. Hakikuwa na dirisha, maana jua hula rangi za ramani. Kuta zilijaa makabati ya droo pana, katikati palikuwa na meza ndefu, na kichwani mwa meza kiti kimoja cha mbao chenye mikono. Mlango ulikuwa mzito, na chini yake walikuwa wamepigilia ukanda wa mpira ili vumbi la korido lisipenye. Ukiufunga, taa ya ndani huioni hata chembe.

Tulibandika jicho, tukaliunganisha na swichi yake mpaka vikaelewana. Kisha likaja jaribio la mwendo. Unabonyeza kitufe, na kuanzia hapo kila jicho likiona joto limesogea, kidoti chekundu kinawaka. Mimi nilisimama nje ya mlango nisilichanganye, nikakodolea dari. Taratibu akaizunguka meza. Kidoti kikawaka mara mbili upesi, kikatua. Mara mbili, kikatua.

"Hata jicho limejua unachechemea," nikamwambia.

"Angalau lenyewe halinicheki."

Lilibaki jaribio la chumba kitupu. Kwa kanuni, watu wote hutoka, mlango unafungwa, na baada ya muda taa inapaswa kuzimika. Sasa utajuaje kama imezimika? Vyumba vingine vilikuwa na madirisha, tulichungulia. Hapa ukifungua mlango tu, jicho linakuona na taa inawaka. Ni shida ileile ya taa ya friji. Kwa hiyo mafundi tuna ujanja wetu: mmoja anabaki ndani, anakaa, anaganda, hakohoi wala hapepesi, mpaka jicho limhesabu kuwa kiti au kabati. Likidanganyika, taa inazimika, naye anapiga kelele kwa mwenzake wa nje. Ujanja huo tunauita kufa kidogo. Ni jambo la mzaha kabisa, na katika mafundi wote niliowajua hakuna aliyejua kufa kidogo kama kaka yangu.

Akakaa kwenye kile kiti, akaweka mikono yake juu ya mikono ya kiti. "Nizikeni kwa heshima," akasema. Nikafunga mlango nikicheka.

Mama wa usafi alikuwa anakuja na ndoo yake. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mwenzangu yuko wapi.

"Yumo ndani, mama. Amekaa anajaribu taa."

Ndoo akaitua. "Amekaa? Kwenye kiti?"

"Si ndicho kilichopo?"

Alinitazama kama mtu anayetaka kusema neno akashindwa aanzie wapi. Kisha akabeba ndoo yake akarudi alikotoka, korido ile ikiwa bado haijapigwa deki.

"Imezima!" Sauti ya Taratibu ikasikika ndani, ya furaha. Nikashika kitasa.

"Subiri," akasema. "Imewaka tena."

"Umejikuna."

"Sijasogea."

Nikangoja. Nilidhani anatania. Nikaona anakawia mno kwa mtu anayetania.

"Mdogo wangu." Safari hii alinong'ona, na mnong'ono ulitokea karibu na mlango, chini, kama anaongea na ule ukanda wa mpira. "Fungua."

Nikafungua. Taa ilikuwa inawaka. Taratibu alikuwa bado kwenye kiti, kule mwisho wa meza, mikono juu ya mikono ya kiti. Niliangalia chini, pale mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Akainuka, akanijia. Mbili, akatua. Mbili, akatua. Nilikuwa natazama dari kwa mazoea ya kazi. Kidoti hakikuwaka. Akarudi, akapunga mikono chini ya jicho kama mtu anayefukuza nyuki. Hakikuwaka. Mimi nikaingiza mguu mmoja tu ndani, kikawaka hapohapo.

"Limekukinai," nikasema. Tukacheka, lakini si sana. Kisha sote wawili tukasimama kimya tukiwa hatusogei, na kidoti kikaanza kuwaka chenyewe. Kiliwaka kwa mfuatano uliolingana, bila kutua. Kiti kilikuwa kitupu.

Tukasema ni joto la taa. Tukakusanya vifaa tukaondoka.

Nyumbani, wa kwanza kujua alikuwa mtoto. Kaka yangu alikuwa na binti mdogo tuliyemwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza. Chiriku hakujua kulala kitandani. Kila jioni alilala juu ya kifua cha baba yake, kisha ndipo anahamishwa. Jioni ile alipanda kifuani kama kawaida, akaweka shavu, akalitoa. Akashuka. Akaenda kusimama nyuma ya mama yake.

"Baba ana baridi," akasema.

Wifi alimgusa mumewe shingoni, akavuta mkono haraka. Tukamfunika blanketi, tukampa chai ya moto. Aliinywa, lakini hakupata joto, na kikombe kilipoa upesi mkononi mwake.

Hospitali walimpima wakabadilisha kipimajoto, wakakibadilisha tena. Daktari akasema vipima vyao vibovu, mgonjwa mwenyewe si anaongea vizuri? Wakati wa kutoka, ile milango ya vioo inayojifungua yenyewe haikumfungukia. Alisimama mbele yake, mtu mzima na sweta lake, mpaka mimi nikasogea ndipo ikafunguka. Kwenye bomba la kunawa linalojitoa lenyewe, aliweka mikono, maji hayakutoka. Kaka yangu hakuwa mtu wa kulalamika. Aliitazama mikono yake, akaipangusa kwenye suruali ingawa ilikuwa mikavu, akasema twende.

Siku zikawa zinakwenda naye anapungua. Mchana tulimtoa akaketi juani na makoti mawili. Chiriku alimchungulia kutoka mlangoni, hamsogelei. Nilimwona kaka yangu akimnyooshea mkono, kisha akaurudisha mwenyewe kabla mtoto hajakimbia. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, na safari hii haikuwa jioni.

Ndipo meneja akapiga simu. Taa ya chumba cha ramani ilikuwa haizimi. Chumba kinafungwa, usiku unapita, wanafungua asubuhi, inawaka. Akataka tukarekebishe kazi yetu.

Taratibu alisisitiza twende wote. Aliegemea ukuta ndani ya kile chumba akanielekeza nilichokijua tayari: jicho likiwa linaona kitu lisichotakiwa kuona, bomba la moto au upepo wa feni, unaziba upande ule wa kioo kwa kipande cha stika. Ni kazi ya kila siku. Nikapanda ngazi na stika yangu, nikaziba upande unaotazama kiti.

Nyuma yangu kitu kikaanguka.

Nikashuka mbio. Taratibu alikuwa sakafuni. Midomo ya bluu, macho wazi, hapumui. Taa ikazimika juu yetu, ingawa mimi nilikuwa nasogea. Sijui nilipandaje ngazi ile gizani. Niliibandua stika kwa kucha, taa ikawaka, na chini yangu kaka yangu akavuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo.

"Usilizibe," akanong'ona. "Mdogo wangu, usilizibe. Joto langu liko pale." Alikuwa anatazama kiti.

Mama wa usafi ndiye aliyenisaidia kumtoa hadi koridoni. Safari hii alisema, sauti ya chini, macho kwenye ule mlango. Palikuwa na karani wa ramani, mzee mpweke, hana mke wala mtoto. Mtu msafi, hakai kabla hajapangusa kiti kwa leso yake. Kila mwanamke kwake alikuwa binti, hata mama wa usafi mwenyewe na mvi zake. Alifia kwenye kiti kile.

"Watu waliingia wakachukua ramani," akasema. "Wakamsalimia, wakatoka. Wengine wakaja, wakamsalimia, wakatoka. Siku nzima, mwanangu. Hakuna aliyemtazama akaona amekufa. Tangu hapo mimi sikai mle, na nikifagia sisimami. Yule anangoja mtu wa kumpokea zamu."

Na kaka yangu alikuwa amekwenda kwa miguu yake, akakaa, akajifanya maiti.

Nilimwongopea meneja. Nilimwambia jicho lina hitilafu, lingine limeagizwa, na hadi lije waache taa iwake. Akanung'unika, akakubali. Nikajua nimenunua muda tu. Lakini kaka yangu alikuwa hai, baridi lakini hai, madamu jicho lile linaona joto lake, na taa inalilisha jicho. Nilikuwa napita pale kila nilipopata nafasi, naomba kuangalia. Nafungua mlango, naona taa, nafunga. Kila mara nilikikuta kiti kimesogezwa kidogo, mara kimeelekea meza, mara kimeelekea mlango.

Kisha mwaka ukaisha, ofisi zikafungwa kwa mapumziko. Nilikuwa sijafikiria hilo. Msimamizi wa jengo, mtu makini kuliko wote, kabla ya kusafiri alizima swichi kuu ya jengo zima, akafunga chumba cha swichi, akaondoka na ufunguo.

Sikuambiwa. Niliona kwa kaka yangu. Siku za mwanzo alikuwa analala sana. Halafu akawa haamki vizuri. Halafu asubuhi moja wifi akaja mbio kwangu, kichwa wazi, akasema mumewe anamtazama lakini hamwoni. Nikamgusa. Mkono wake ulikuwa kama bati la asubuhi. Nikakumbuka akiba ya jicho na jinsi inavyoisha gizani. Sikumweleza wifi kitu. Nilichukua tochi, ile kubwa ya kazini, na simu, nikakimbia.

Mama wa usafi alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Sikuhitaji kumbembeleza, aliniangalia usoni akavaa viatu. Nje jua la mchana lilikuwa linachoma, watoto wanacheza mpira. Ndani ya jengo kulikuwa kimya. Swichi za korido tulizibonyeza, hakuna kitu. Tukafika mwisho wa korido. Nikasukuma mlango.

Giza. Harufu ya karatasi.

Ngazi yetu ilikuwa bado imeegemezwa pale. Nikapanda. Nikaweka tochi kwenye kile kipande cheusi, nikaibana hapo kwa mikono miwili. Jicho lilikuwa limekufa. Nikalilisha. Mikono ikaanza kuniuma, nikabadilisha, nikalilisha. Mama wa usafi alisimama mlangoni, nasikia pumzi zake. Nikabonyeza kitufe cha majaribio. Kimya. Nikalilisha tena.

Kidoti kikawaka.

Hafifu, chekundu, mara moja.

Nilikuwa nimekaza mwili wote juu ya ngazi, sisogei. Mama wa usafi alikuwa nje, hawezi kuonekana. Kidoti kikawaka tena.

"Inuka," nikanong'ona kuelekea giza. "Inuka utoke. Mlango uko wazi. Nyumbani wanakungoja."

Kiti kikakwaruza sakafu.

Kidoti kikawaka. Kikawaka. Kikawaka. Sikuwa na akili ya kuhesabu wala kusikiliza, nilikuwa na furaha tu. Anatembea! Kikawaka. Kikawaka. Kuelekea mlangoni. Kitu chenye joto kikapita chini ya ngazi, nikakisikia miguuni. Mama wa usafi akaziba uso wake kwa mikono. Kidoti kikazimika.

Simu ikaita, nusura nianguke. Alikuwa wifi, analia. Sikuelewa neno mpaka alipotulia.

"Amepata joto, wifi yangu! Amepata joto! Ameomba maji, ameketi mwenyewe!"

Nilifungua skrubu, nikaling'oa jicho, nikalitia kwenye begi. Sikutaka limtazame mtu mwingine tena. Tulipoachana mama wa usafi alinishika mkono, akauachia, akaingia kwake.

Nyumbani nilikuta watu wanacheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa ameketi kitandani, uso umerudiwa na uhai, na juu ya kifua chake amelala Chiriku. Nilipiga magoti nikamshika mguu, wa joto. Akamweka mtoto pembeni kwa upole, akainuka ili anipokee sebuleni kama mgeni.

Akatembea. Hatua moja, hatua moja, hatua moja. Zimelingana. Hazikutua popote.

"Umeona?" wifi alinikumbatia. "Hata mguu wake umepona! Mungu akiamua!"

Akafika kwenye kiti. Akatoa leso mfukoni. Akapangusa kiti, mbele, nyuma, mikono yote miwili. Akaikunja leso. Ndipo akakaa.

"Ahsante sana, binti," akaniambia.

Nilimtazama wifi, machozi ya furaha yanamtiririka. Kupitia mlango wa chumba nilimtazama mtoto aliyepata tena usingizi wake. Mdomo niliufungua. Ningesema nini? Kwamba nimekwenda mwenyewe, nimemulika mwenyewe, nimefungua mlango, nikamwita mtu atoke, akatoka mwingine? Nikasema namshukuru Mungu. Nikaenda kwangu.

Nililiweka jicho dirishani, sina nia yoyote, nilikuwa naondoa vitu kwenye begi. Jua la jioni lilikuwa linapiga pale. Nikakaa kitandani, mikono magotini, siwezi hata kuvua viatu. Sikusogea.

Kidoti kikawaka. Mara mbili upesi, kikatua. Mara mbili, kikatua.

Alikuwa anazunguka chumba changu.

Sasa ni muda mrefu. Kule kwao wanaishi vizuri, lazima niseme ukweli. Mume ni mtaratibu, msafi, hana neno na mtu. Kazi ya umeme ameacha, amepata kazi ya mezani. Wifi hunilaumu kwamba siendi kuwasalimia, na Chiriku husema shangazi amekuwa mkali. Mara moja alinitembelea, yule. Alipangusa kiti, akakaa, akanywa chai yangu. Kisha akaliona jicho dirishani, linapepesa. Akalitazama kwa muda. Akanyoosha mkono, akaligeuza kifudifudi, polepole, kama unavyomfunika mtoto.

"Mwache apumzike, binti," akasema.

Alipotoka nililigeuza tena juu. Tangu hapo taa ya chumba changu haizimwi mchana wala usiku, majirani wamesema mpaka wamechoka. Umeme ukikatika, namulika kwa tochi, nabadilisha mikono. Kidoti kimeanza kufifia hata nikililisha jicho, maana vitu hivi navyo huzeeka, na mimi fundi najua havitengenezeki.

Wakati mwingine anazunguka, mbili akatua, mbili akatua, mpaka mlangoni, kisha kidoti kinasimama. Nainuka, namfungulia. Namwambia, kaka, nenda. Nangoja na kitasa mkononi, upepo unaingia. Hatoki. Huko nje nafasi yake ina mtu.